Kabla hujabadilisha pikapu: sauti ya mpiga gitaa unayempenda inatoka wapi?

Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ilitoka mwaka 1969. Anayeisikiliza leo, huku akimkumbuka mpiga gitaa wake Jimmy Page kwa zile picha za Gibson Les Paul iliyoning'inia hadi mapajani, ataamini kwamba anachosikia ni Les Paul. Akiitamani sauti ile, atanunua pikapu za Les Paul, yaani vile vifaa vya gitaa la umeme vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme. Lakini gitaa lililofanya sehemu kubwa ya kazi katika albamu ile ni Fender Telecaster, gitaa la pikapu za koili moja, likipita kwenye amplifaya ya Supro. Mnunuzi wetu amekosea kabla hajafungua pochi. Hakuna fundi wa kumsaidia tena, maana pikapu aliyonunua ni nzuri, imefungwa vizuri, na inatoa sauti ambayo albamu ile haikuwa nayo.

Karibu kila mpiga gitaa la umeme hufika siku akauliza: ninunue pikapu gani ili nisikike kama fulani? Swali hilo lina jibu, ila jibu lake haliwezi kuwa jina la bidhaa peke yake, kwa sababu ndani yake yamesokotwa maswali kadhaa yanayohitaji kufumuliwa moja moja. Sauti unayoipenda inatoka pikapu ya wapi katika gitaa? Ni ya aina gani? Imeunganishwa na nini? Na ni kiasi gani cha sauti ile hakihusiani na pikapu hata kidogo? Nimeona watu wakibadilisha pikapu mara tatu, mara nne, bila kujiuliza hata moja kati ya hayo, na kila mara wakirudi na masikitiko yaleyale.

Kifaa kisichosikia hewa

Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake upate usumaku kidogo. Uzi ukitetemeka, usumaku unaopita katikati ya koili hupungua na kuongezeka, na umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Ni kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo ndio unaopita kwenye kebo na kufika kwenye amplifaya.

Kwa hiyo pikapu haisikilizi hewa kama maikrofoni. Mbao za gitaa zinaweza kuathiri namna uzi unavyotetemeka na unavyodumu, lakini pikapu yenyewe inaujua uzi tu. Tena inaujua pale tu ilipokaa. Karibu na daraja, kile kipande cha mwilini kinachobeba nyuzi, uzi hucheza kidogo, na hamoniki, yaani zile sauti nyembamba zinazoambatana na noti kuu, huwa na sehemu kubwa katika mchanganyiko. Ndiyo maana pikapu ya darajani hukata kama kisu. Karibu na shingo uzi hupepea kwa upana, na noti kuu hutawala.

Katika Stratocaster, gitaa la Fender lenye pikapu tatu, pikapu ya shingoni imekaa karibu kabisa na robo ya urefu wa uzi ukipima kutoka darajani. Uzi ukipigwa wazi, hamoniki ya nne hutulia tuli mahali hapo, kwa hiyo pikapu karibu haiioni kabisa. Ule utamu wa mviringo ambao watu huusifia katika pikapu ya shingoni una sehemu yake katika jiometri hiyo, na hakuna pikapu ya darajani itakayouiga, awe ameitengeneza nani. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kutazama. Mtafute mpiga gitaa wako katika video za majukwaani, angalia swichi yake ya kuchagua pikapu imelala upande gani na mkono wake wa kupigia uko wapi. Mkono ukisogea sentimita tano kuelekea daraja, sauti hubadilika kuliko inavyobadilika kwa kutoa pikapu moja na kuweka nyingine ya jamii ileile.

Kilima cha masafa

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo roho ya suala zima, na ambayo matangazo ya pikapu hayaielezi mara nyingi.

Koili ina tabia inayoitwa indaktansi: huyapinga mabadiliko ya haraka ya umeme, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo inavyoyapinga zaidi. Kipimo chake ni henri. Kebo nayo ina kapasitansi: huyamwaga masafa ya juu yasifike mwisho wa safari. Kipimo chake kwa saizi hizi ni pikofaradi. Tabia hizi mbili zikikutana hazizimi tu sauti kali. Kuna mahali pamoja ambapo hukubaliana, na masafa ya hapo hunyanyuliwa juu ya mengine. Baada ya hapo kila kitu huporomoka. Ukichora mchoro wake utaona uwanda, kisha kilima, kisha mteremko mkali. Kilima kile kiko wapi na kina urefu gani, hayo ndiyo mengi ya yale tunayoyaita tabia ya pikapu.

Tufanye hesabu. Pikapu ya Stratocaster ya mtindo wa zamani huwa na indaktansi ya takriban henri 2.4. Iunganishe na kebo ya kawaida ambayo, pamoja na nyaya za ndani ya gitaa, ina pikofaradi 600. Kilima kitasimama kwenye hezi 4,200 hivi. Weka badala yake pikapu ya koili mbili ya mtindo wa Gibson ya miaka ya 1950, yenye henri 4.4, na kilima kitashuka hadi karibu hezi 3,100. Weka ile ya nguvu nyingi yenye henri 8, na kitashuka hadi hezi 2,300. Sikio la binadamu lina wepesi mkubwa kati ya hezi 2,000 na 5,000, kwa hiyo kilima kikisogea ndani ya eneo hilo tunakisikia mara moja. Kikiwa juu tunasema sauti ina kioo. Kikiwa katikati tunasema ina mwili na ukali wa kuimba. Kikiwa chini tunasema ni nene, na wengine watasema imezibwa.

Sasa irudie hesabu ya kwanza, lakini badala ya kebo fupi tumia ndefu, jumla ifike pikofaradi 1,200. Pikapu ileile ya Stratocaster, bila kuguswa, inashuka hadi hezi 3,000. Imeingia katika nyumba ya pikapu za Gibson. Jimi Hendrix alitumia kebo ndefu za kujikunja kama springi, na kebo za aina hiyo zina kapasitansi kubwa. Mtu anayenunua pikapu za kumuiga Hendrix, akaziunganisha kwa kebo fupi ya kisasa, kisha akalalamika kwamba zinachoma masikio, hajauziwa pikapu mbaya. Amesahau nusu ya saketi.

Potenshometa nazo, yaani vile vitufe vya kuzungusha vya volyumu na toni, zimo katika saketi hiyohiyo hata zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho. Zenye ukinzani wa kiloomu 250, zilizozoeleka kwa pikapu za koili moja, hukishusha kilima kimo. Zenye kiloomu 500, zilizozoeleka kwa koili mbili, hukiacha kisimame zaidi. Eddie Van Halen alipounda lile gitaa lake la mistari, aliacha kitufe kimoja tu cha volyumu na hakuweka cha toni. Wengi huona hilo kama unyenyekevu wa gitaa la kujitengenezea. Kwa umeme lina maana yake: mzigo mmoja umeondolewa, na kilima kimesimama zaidi.

Mtego wa kiloomu

Fungua ukurasa wowote unaouza pikapu na utakutana na namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: ukinzani wa koili kwa kiloomu. Stratocaster 6, koili mbili ya zamani 8, ile ya nguvu 13 na kuendelea. Wanunuzi huisoma namba hiyo kama nguvu za injini. Ni usomaji wa hatari.

Ukinzani unaeleza waya una urefu gani na wembamba gani, basi. Waya wa kawaida wa pikapu, namba 42 katika vipimo vya Marekani, una kipenyo cha milimita 0.063. Namba 43 ni mwembamba kidogo, na kwa urefu uleule ukinzani wake ni zaidi kwa karibu robo. Pikapu ya shingoni ya Telecaster husukwa kwa waya wa namba 43, na mara nyingi kiloomu zake hukaribia au huzidi zile za mwenzake wa darajani. Hata hivyo kila aliyewahi kuishika Telecaster anajua ni ipi iliyo pole. Koili ya shingoni ni ndogo, na imefunikwa kifuniko cha chuma kinachopunguza kilima. Ile ya darajani ina bamba la chuma chini yake na imezungukwa na sahani ya chuma ya daraja. Kiloomu hazijui lolote kati ya hayo.

Kuna jingine ambalo lingepunguza mabishano mengi: ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Pikapu iliyopimwa kiloomu 8.0 kwenye chumba cha nyuzijoto 20 itasoma karibu 8.3 kwenye nyuzijoto 30. Anayekataa pikapu ya 8.1 kwa sababu shujaa wake anasemekana kuwa na 8.3 huenda anakataa hali ya hewa.

Ukipata namba za indaktansi, zishike hizo. Mtengenezaji asipoziandika, muulize. Ukilinganisha pikapu mbili za jamii moja, zenye sumaku ya aina moja na waya wa namba moja, hapo kiloomu zinaanza kuwa na maana.

Jamii za pikapu

Za koili moja za Fender zina vijiti sita vya sumaku vilivyosimama ndani ya koili, kimoja kwa kila uzi. Jina la Telecaster lilianza kutumika mwaka 1951, na Stratocaster ikatoka mwaka 1954. Zina mng'ao na mwitikio wa haraka, na zina kero yake: koili hunasa mvumo wa umeme wa nyumba, ule wa hezi 50 au 60, kama antena.

P-90 ya Gibson ilianza mwaka 1946. Nayo ni ya koili moja, lakini pana, yenye waya mwingi, na sumaku zake mbili bapa zimelala chini ya koili. Sauti yake ina miguno, ina kifua, na bado ina makali. Mtu anayetafuta sauti ya Tony Iommi ya siku za mwanzo za Black Sabbath hukimbilia pikapu nzito za metali, ilhali Gibson SG aliyoitumia wakati ule ilikuwa na P-90. Uzito ule ulitoka kwenye mikono yake, nyuzi zake na amplifaya iliyosukumwa hadi pomoni.

Kisha kuna hambaka, pikapu ya koili mbili. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza yake mwaka 1955, magitaa yakaanza kuuzwa nayo mwaka 1957, na hataza ikatolewa mwaka 1959. Katika kipindi cha kusubiri, pikapu zilibandikwa kijikaratasi cha kueleza kwamba hataza imeombwa, kwa Kiingereza "Patent Applied For", na ndiyo asili ya jina PAF. Koili zake mbili zimesukwa kwa mielekeo inayopingana na ncha za sumaku yake zimegeuziana, hivyo mvumo unajifuta wenyewe huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Hapohapo yametokea mengine mawili: indaktansi imeongezeka, na uzi unasomwa mahali pawili kwa wakati mmoja, jambo linalofuta baadhi ya hamoniki za juu. Unene wa hambaka umetoka huko.

Nataka kukaa kidogo kwenye PAF, kwa kuwa ndilo neno linalouza zaidi katika biashara hii. Hakukuwa na sauti moja ya PAF. Koili hazikusukwa kwa idadi sawa ya mizunguko, na sumaku za alniko (aloi yenye alumini, nikeli na kobalti) za madaraja tofauti zilitumika kwa kadiri zilivyopatikana. Vipimo vya zilizobaki vinatawanyika kati ya kiloomu 7 na 9. Pikapu ya leo inayotangazwa kuwa "PAF halisi" imechagua mfano mmoja kati ya ndugu wengi wasiofanana. Kama mpiga gitaa wako ni wa kundi hilo, uliza mtengenezaji amefuata ndugu yupi: wa alniko ya 2, laini na wa kunyenyekea, au wa alniko ya 5, mwenye besi iliyokaza na makali zaidi.

Zilizokuja baadaye nitazipitia haraka. DiMarzio Super Distortion ya mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa pikapu za kwanza kuuzwa peke yake kwa ajili ya kubadilishia, ikiwa na sumaku ya seramiki na nguvu nyingi za kuisukuma amplifaya. Pikapu amilifu kama EMG 81 zina koili hafifu na kikuza sauti kidogo kinachokula betri ya volti 9. Kwa sababu kikuza hicho kinasimama kati ya koili na kebo, urefu wa kebo hausogezi kilima tena. Ukitaka kumfuata Zakk Wylde, mwenye EMG 81 darajani na 85 shingoni, hakuna njia ya mkato: nunua hizo. Na swichi za kugawa hambaka ili ibaki koili moja ni za manufaa, ila usizitegemee zikupe Stratocaster. Nusu ya hambaka ina mizunguko michache kuliko koili ya Stratocaster, na sumaku yake imelala chini badala ya kusimama katikati.

Mifano minne ya kujifunzia

Hendrix alipiga Stratocaster ya mkono wa kulia akiigeuza juu chini. Pikapu ya darajani ya gitaa hilo imekaa kimshazari, upande wa nyuzi nyembamba ukiwa karibu zaidi na daraja. Ukiigeuza, nyuzi nene ndizo zinazosomwa karibu na daraja, zinakaza. Nyembamba zinasomwa mbali kidogo, zinalainika. Vile vijiti vya sumaku vyenye vimo tofauti navyo vilijikuta chini ya nyuzi zisizo zao, kwa hiyo mizani ya sauti kati ya uzi na uzi ikabadilika. Ongeza kebo yake ndefu, pedali ya Fuzz Face, amplifaya za Marshall, na tabia yake ya kuteremsha tyuni nusu toni. Pikapu zenyewe zilikuwa za kawaida za Stratocaster. Katika orodha hiyo, pikapu ndicho kitu pekee kisicho cha ajabu.

Van Halen alichukua hambaka kutoka gitaa la Gibson ES-335 akaiweka darajani kwenye mwili wa umbo la Stratocaster. Pikapu ile ilipiga kelele mbele ya amplifaya yenye sauti kubwa, kwa kuwa waya wa koili ulikuwa ukitikisika wenyewe. Akaichovya katika nta iliyoyeyuka, waya ukatulia. Kisha akaishusha volti inayoingia kwenye amplifaya yake ya Marshall. Angalia kilichomo humo: pikapu ya mtindo wa zamani, yenye nguvu ya wastani, kwenye amplifaya iliyofunguliwa kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuitafuta ile sauti ya Van Halen kwa kuweka hambaka ya seramiki ya nguvu kubwa kuliko zote nilizoweza kupata. Mkwaruzo ulikuja mapema, lakini noti zilibanana kama abiria mlangoni, na nilipopunguza volyumu kwenye gitaa haikusafika, ilififia tu. Leo najua sababu: nilikuwa nimekishusha kilima na kuipa amplifaya umeme mwingi kwa wakati mmoja. Pikapu ya wastani na amplifaya iliyosukumwa haitoi mkwaruzo sawa na pikapu kali na amplifaya iliyofunguliwa nusu, hata kama ukali wao unalingana masikioni.

Brian May wa Queen ni mfano ninaoupenda kuliko wote. Gitaa lake alilitengeneza na baba yake kuanzia mwaka 1963. Lina pikapu tatu za koili moja aina ya Burns Tri-Sonic, na zimeunganishwa kwa mfuatano, umeme ukipita ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, tofauti na magitaa mengi ambamo pikapu huunganishwa sambamba. Kwa mfuatano, indaktansi hujumlishwa: nguvu huongezeka na kilima hushuka. Kwa sambamba, pikapu mbili zinazofanana hupata nusu ya indaktansi ya moja, na kilima hupanda. Kila pikapu ya May ina swichi yake ya kuwasha na nyingine ya kugeuza mwelekeo wa mawimbi. Kuna pedali ya kunyanyua sauti kali, kuna amplifaya ya Vox AC30, na mkononi kuna sarafu ya peni sita badala ya kibanzi cha plastiki cha kupigia nyuzi. Ukinunua Tri-Sonic tatu ukazifunga kwenye Stratocaster yenye nyaya za kawaida, utakuwa na pikapu zake na usiwe na sauti yake. Ukichukua Stratocaster ya kawaida ukazisuka upya nyaya ziwe za mfuatano, huenda ukamkaribia zaidi.

Wa nne ni David Gilmour wa Pink Floyd, kwa sababu ya kinyume. Stratocaster yake nyeusi, iliyouzwa kwa mnada mwaka 2019 kwa dola 3,975,000 za Marekani, ilibadilishwa pikapu zaidi ya mara moja katika maisha yake. Kisha kwa miaka kadhaa kuanzia ile ya 1980 alipanda jukwaani na Stratocaster nyekundu yenye pikapu amilifu za EMG, teknolojia tofauti kabisa. Wasikilizaji waliendelea kumtambua kwa noti mbili. Namna anavyovuta uzi, anavyougusa na anavyosubiri kabla ya noti inayofuata vilihama naye kutoka gitaa hadi gitaa.

Mpangilio wa kazi, kwa mwenye gitaa mezani

Kwanza chagua rekodi moja. Usiseme unataka sauti ya Eric Clapton, kwa sababu Clapton wa mwaka 1966 alipiga Les Paul ya hambaka kwenye Marshall, na Clapton wa miaka ya 1970 na kuendelea ni mtu wa Stratocaster. Chagua wimbo, chagua dakika, ujue gitaa lililotumika hapo.

Pili, kama ni sauti ya zile nafasi za katikati za Stratocaster, ambayo wengi huihusisha na Mark Knopfler, jua kwamba ni pikapu mbili zinazofanya kazi pamoja kwa sambamba. Watu huziita nafasi zinazopingana kimawimbi. Sivyo, zinakubaliana. Mlio ule wa kioo unatoka kwenye kilima kilichopanda na hamoniki zilizofutwa kwa kuusoma uzi mahali pawili. Stratocaster za mwanzo zilikuwa na swichi ya hatua tatu, na wapigaji waliinasisha katikati kwa vidole hadi Fender ilipoweka ya hatua tano mwaka 1977. Hapa hakuna pikapu ya kununua kama tayari una Stratocaster. Weka kibanzi chini, tumia vidole kama Knopfler.

Tatu, chukua bisibisi. Kimo cha pikapu ndicho kirekebishi cha bure na kisichothaminiwa. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka kichwa cha sumaku hadi chini ya uzi. Kwa koili moja za zamani anza na milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba na 2.4 upande wa nyuzi nene. Ukiinyanyua sana, sumaku huuvuta uzi, noti za juu shingoni hutetereka kama hazijatyuniwa, na uzi haudumu. Ukiishusha, sauti hupungua lakini hupata nafasi ya kupumua. Nina imani kwamba pikapu nyingi zilizotupwa kwa kuitwa kali au kavu zilikuwa zimekaa milimita moja juu ya mahali pake.

Nne, jaribu nyuzi. Stevie Ray Vaughan alitumia nyuzi nene, uzi wa kwanza ukiwa inchi 0.013, akazilegeza nusu toni. Chuma kingi juu ya sumaku kinamaanisha umeme mwingi, na nyuzi nene zinauvumilia mkono mzito bila kuyumba. Pikapu yoyote utakayonunua kumfuata Vaughan huku ukitumia nyuzi nyembamba itakuwa inafanya kazi ambayo si yake.

Baada ya hapo, kama pengo bado lipo, utaweza kulieleza kwa maneno: kilima changu kiko juu mno, au besi yangu imelegea, au ninahitaji mguno wa P-90. Hayo ni maneno ambayo mtengenezaji wa pikapu anaweza kuyafanyia kazi.

Kuna jambo moja la kuangalia siku ya kufunga. Ukichanganya pikapu za watengenezaji wawili, ziwashe zote pamoja usikilize. Sauti ikiwa nyembamba, ya puani, besi imetoweka, basi mawimbi yao yanapingana. Badilisha nafasi za nyaya mbili za pikapu moja na tatizo litakwisha, ila kwanza hakikisha kifuniko cha chuma cha pikapu hiyo hakijaunganishwa na mmoja wa nyaya hizo. Kwenye pikapu ya shingoni ya Telecaster kwa kawaida kimeunganishwa, na usipokitenganisha na kukipa waya wake wa ardhini utaletewa mvumo kila ukikigusa.

Lakini kama unayemtafuta ni Peter Green wa Fleetwood Mac, ziache nyaya hizo kama zilivyo. Katika Les Paul yake ya mwaka 1959, ambayo baadaye ilipita kwa Gary Moore na sasa iko kwa Kirk Hammett, sumaku ya pikapu ya shingoni iligeuzwa, na pikapu zote mbili zikiwashwa hutoa sauti hiyohiyo ya upweke ambayo ungeiita kosa. Anza na volyumu zote mbili zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho, kisha ipunguze mojawapo polepole. Besi itarudi kidogokidogo, na mahali fulani katika mzunguko huo, ambapo kila gitaa lina pake, utaisikia ile sauti.